Aliyemnong'oneza Mtani

Jeneza lilikuwa bado ndani na padre hajafika, pale mtani alipotoka chumbani amevaa nguo za marehemu.

Alikuwa mzee Fridolin Gama, Mngoni aliyehamia Kihesa tangu ujanani, fundi wa pampu za maji. Kitenge cha Bibi Apolonia kilimfika magotini. Kilemba cha bibi, kile cha zambarau, alikuwa amekifunga mpaka kikameza masikio yake yote mawili. Akapita katikati ya wafiwa akiburuta mguu wa kushoto, vilevile alivyokuwa akiuburuta bibi, akasimama mbele ya shemeji wa marehemu.

"Nani kakupa kiti changu?" akauliza kwa sauti nyembamba ya kizee. "Umekaa kama mwenye nyumba, na harusi yangu hukuja."

Mabega ya watu yakaanza kutikisika.

"Na nyie Wahehe mna shida gani? Hata kulia mnalia kwa hasira. Mtu akipita njiani atadhani mnagombania shamba."

"Nyamaza wewe Mngoni," mzee mmoja akamjibu kutoka chini ya turubai. "Babu zako walikimbia hapahapa wakaacha na ngao."

"Waliziacha makusudi, mpate pa kuanikia mboga."

Ndivyo ulivyo utani wa msiba kati ya Wangoni na Wahehe. Babu zao walipigana, wajukuu wamebaki kutukanana kwa kucheka. Siku ya msiba mtani anaruhusiwa kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia, na yeye pia haruhusiwi kukasirika. Kazi yake ni kuwafanya wafiwa wacheke kidogo ili waweze kula na kulala.

Leokadia, binti wa marehemu, alikuwa kwenye mkeka pamoja na shangazi zake. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mama yake akate roho. Alimtazama mtani kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani.

Mtani alipofika mlangoni akasimama ghafla. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akakaa hivyo kitambo, macho yamemtoka kidogo. Kisha akageuka, akasema polepole:

"Waambieni wachimba kaburi wasiharakishe. Sishuki mimi kabla sijanywa Uji Shwari. Nikifika huko na njaa, waliotangulia wote watajuta."

Ilikuwa kama bibi mwenyewe kasema. Kila aliyemfahamu alijua alivyokuwa mkali akiwa na njaa. Turubai zima likaangua kicheko. Hata wanaume wa jeneza walilazimika kushika ukuta. Leokadia alicheka mpaka akamwangukia shangazi yake, kicheko kikageuka kilio, kilio kikaisha, na alipofuta uso akasema, "Nipeni hata ugali kidogo."

Kwenye kola ya kila mtu pale palikuwa na kipini, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Miaka hiyo hakuna aliyetoka nyumbani bila kipini. Hakikuwa kinachukua kila kitu, maana kingejaa takataka. Kilikuwa kinasubiri kicheko. Kilijua kutofautisha kicheko cha adabu, kinachoishia kooni, na kile cha tumboni kinachokata pumzi. Kikisikia cha tumboni, kinarudi nyuma kidogo, kinachota maneno yaliyokileta, kinayarusha Kijiweni, baraza la mtandaoni ambako nchi nzima ilikaa ikicheka kutwa. Kabla jeneza halijafika makaburini, mtani alikuwa ameshachekesha Mwanza.

*

Leokadia alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye kibanda kando ya soko la Kihesa, ubavuni kwa Rozina, muuza vitambaa. Aliporudi kazini baada ya mazishi alikuta maneno ya mama yake yamemtangulia. Mwanafunzi akiitwa kujaribishwa sare alisema sishuki kabla sijanywa. Dereva wa boda alikataa abiria kwa maneno hayohayo. Hata kanisani, paroko alipowaambia wanakwaya washuke jukwaani, mmoja aliuma midomo na wote wakajua anafikiria nini.

Mwanzoni jambo hilo lilimpoza. Mama yake alikuwa amelala ardhini na bado anafurahisha watu asiowajua.

Kisha lori likaja. Lilikuwa jeupe, lisilo na dereva, na ubavuni limechorwa kikombe kinachotoa mvuke. Likashusha katoni sokoni, na kabla ya jua kuwaka sawasawa katoni zikawa zimeisha.

"Umeuona?" Rozina akauliza. Alikuwa na pakiti mapajani, anaigeuzageuza. "Uji Shwari. Ndiyo kwanza unaingia Iringa."

"Nimeuona."

"Ndiyo kwanza unaingia, mama Imelda. Nimemuuliza mwenye duka. Hata Dar haukuwepo."

Leokadia aliendelea kukanyaga pedali.

"Sasa mimi najiuliza," Rozina akasema, "mzee Gama aliujulia wapi? Kijiweni wanasema ile ni kiki. Wanasema mtani alipangwa."

"Apangwe na nani?"

"Si na wenye uji."

"Rozina, ulikuwepo msibani?"

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

"Nilicheka mpaka nikaaibika, nilikuwa nimebeba sufuria la watu."

"Basi unataka nini tena? Kile kicheko kilikuwa changu. Hakuna aliyekuja kunitekenya. Mtu akikuambia kicheko chako ni cha kununuliwa, muulize kama na njaa iliyokujia baada yake ilinunuliwa."

Alisema kwa sauti kubwa, na hakujali nani anasikia. Jioni hiyo aliingia Kijiweni mwenyewe, mtu ambaye kwa kawaida alicheka tu na kupita. Akawaambia wabishi kwamba yeye ni binti wa marehemu, kwamba alikuwa kwenye mkeka, kwamba mzee Gama ni mtani wa ukoo wao tangu babu na hajawahi kulipwa hata kuku aliyeiva. Maelfu wakamwamini. Wengine wakamtumia pole. Mama mmoja wa Kigoma akamwandikia kwamba alikuwa na wasiwasi, lakini sasa ametulia, na mtoto wake anakunywa uji huo asubuhi na jioni.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomkalia vibaya Leokadia. Alijaribu kukumbuka kama mama yake aliwahi hata siku moja kutaja Uji Shwari. Hakukumbuka.

*

Mzee Gama alikuwa amelala kifudifudi chini ya pampu ya shule ya msingi, mikono imezama mpaka viwikoni.

"Kamwene, mtani," Leokadia akasema.

"Kamwene, binti wa watu wenye hasira. Nipe hiyo spana, ile yenye mkia."

Akampa. Akachuchumaa karibu naye.

"Mtani, nataka kukuuliza jambo, na usiniletee utani."

"Unamwomba samaki asiloane."

"Yale maneno ya uji. Uliyatoa wapi?"

Mzee akaacha kukaza. Akajitoa chini ya pampu taratibu, akakaa, akafuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nikikuambia utasema nimeanza kuchanganyikiwa."

"Sitasema."

"Aliniambia mwenyewe."

"Nani?"

"Mama yako." Aliinamisha uso. "Nilipofika pale mlangoni nilikuwa nimeishiwa. Nimetukana Wahehe, nimemtania shemeji wa mama yako, na wewe hucheki. Nikasema moyoni, leo nimeshindwa. Hapo ndipo nikamsikia. Hapa, sikioni. Sauti yake ileile, na kale kakohozi kake. Ananiambia waambie sishuki. Mimi huo uji wala siujui, nilidhani ni kitu cha nyumbani kwenu. Nikayasema kama alivyonipa."

Mzee akaipangusa spana, akaiweka chini.

"Mtani, mimi nimetania misiba tangu sijaota ndevu. Baba yangu alitania, babu alitania. Tunawaigiza marehemu, tunavaa nguo zao, tunawasemea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu. Mama yako alinijibu." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akajipaka grisi. "Nimemwambia mke wangu tu. Tulikaa tukalia wote wawili. Nikifa kesho, sidai kitu."

Wazee wa wakati huo walikuwa na vipini vya aina yao. Vya vijana vilisikiliza tu, vya wazee vilinong'ona pia. Vilikumbusha dawa, vilikumbusha jina la mjukuu anayeingia mlangoni. Na kipini cha Bibi Apolonia, kwa sababu alikuwa akikipoteza kila mara, kilikuwa kimeshonewa ndani ya mkunjo wa kilemba cha zambarau, juu kidogo ya sikio.

Leokadia alilijua hilo. Mshono ule ulikuwa wa mkono wake.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza. "Nimekutisha?"

"Hapana, mtani," akasema. "Umenipa raha."

Akainuka akaondoka. Njiani alitembea upande wa ukuta, kama mtu aliyechanikiwa nguo nyuma.

*

Imelda, binti wa pekee wa Leokadia, alikuwa anachambua mchele. Alikuwa na miaka kumi na saba, mpole, mwenye kusikiliza kabla ya kujibu. Ndiye aliyemwogesha bibi yake mpaka mwisho.

"Kipini cha bibi," Leokadia akasema. "Kilikuwa kinamnong'oneza nini?"

Imelda akaendelea kuchambua. Kisha vidole vikasimama.

"Dawa."

"Na nini?"

"Na utani, mama."

Leokadia akavuta kigoda akakaa.

"Unakumbuka ile siku ya jumuiya," Imelda akasema, "bibi alipokuita kwa jina la shangazi mbele ya watu, wakacheka, naye akajua wanamcheka? Baada ya hapo alikuwa hazungumzi. Akikaa na watu anatazama mikono yake. Mimi nikaona kuna mnong'ono mwingine, wa bure. Unachukua utani wake wote wa zamani ambao vipini vyetu vilishawahi kuuchota, unajifunza anavyosema, halafu akinyamaza mbele ya watu unampa neno. Anasema kile ambacho angesema yeye."

"Wa bure."

"Wa bure, kwa sababu mara mojamoja wenye huo mnong'ono wanaweka kitu cha kuuza ndani. Bibi hakuwa anajua. Alidhani amepona. Mama, alikuwa na furaha. Si ulimwona?"

Alimwona. Nani hakumwona? Mtaa mzima ulimkimbilia. Leokadia aliinua macho akatazama rafu ya jikoni, na rafu ikaanza kumsemesha. Yale majani ya chai. Bibi alisema chai ya zamani ilikuwa maji yaliyosikia habari za chai, wakacheka, na kesho yake Leokadia akabadilisha. Jiko jipya. Bibi alisema lile la mkaa lilikuwa linampika mpishi. Ile sabuni ya bluu. Yale mafuta ya kupaka, ambayo bibi alisema ukijipaka hata nzi anaomba radhi kabla ya kutua. Alicheka kwa kila kimoja. Alikuwa akiwasimulia wateja kibandani, na wateja wakaenda kununua. Alikuwa amejaza nyumba yake utani wa mama yake, kumbe ni bidhaa, na sasa hakuweza kukumbuka hata kichekesho kimoja cha miaka ile akawa na hakika kimetoka kwenye kichwa cha mama yake.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, walitaka alama ya dole la mtu mzima kuwa kibali. Nilikuja kibandani nikakusomea masharti. Ulikuwa na sare za watu mkononi, muhula unafunguliwa. Uliniuliza kama kitamsaidia bibi, nikasema ndiyo. Ukaweka dole."

Mzazi unayesoma, Leokadia angeweza kusema hakuelewa, kwamba yeye aliishia darasa la saba. Lakini mtoto alikuwa amemsomea kwa Kiswahili, polepole. Hakuwa amesikiliza, basi. Neno bure lilimtosha.

"Wameomba dole jingine," Imelda akasema, sasa analia bila sauti. "Wanajua kuanua tanga ni Jumamosi. Wanajua mzee Gama atavaa tena. Wanataka bibi aendelee kusema. Wanasema watu wanampenda, kwa nini afe."

"Nisipoweka?"

"Kinazimika."

"Na mzee Gama?"

Imelda hakuelewa swali. Mama yake akamweleza aliyoyasikia kwenye pampu, yote, mpaka mke wa mzee na kilio chao. Imelda akafunika uso kwa ungo.

"Tutamwambia?" akauliza kutoka nyuma ya ungo.

Leokadia alitaka kusema ndiyo. Alijiona akichuchumaa tena kando ya pampu, na yule mzee akimtazama. "Nitakitoa kimyakimya," akasema. "Atavaa kilemba, hatasikia kitu, atafanya utani wake wa kawaida. Kwani zamani alikuwa ananong'onezwa na nani?"

Akachukua kilemba cha zambarau na kisu kidogo cha kufumulia. Mshono ulikuwa imara, alishona vizuri. Ulipoachia, kipini kikadondoka kwenye kiganja chake, na kabla hajakikandamiza kikanong'ona mara moja kwa sauti ya mama yake, na kale kakohozi: "Leokadia, mwanangu, umekula?"

Akakitumbukiza kwenye makaa.

*

Jumamosi watu walijaa mpaka barabarani. Walikuja waliozika na wasiozika. Walikuja na vipini vipya.

Mzee Gama alitoka chumbani amevaa. Alikuwa amenyoa ndevu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuonana na mtu. Hakumtania shemeji, hakuwatukana Wahehe. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, pale pale, akainamisha kichwa upande mmoja, akasubiri.

Watu nao wakasubiri.

Akageuza kichwa upande wa pili. Akakisogeza kilemba kidogo, akakibana sikioni kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, na Leokadia, aliyekuwa karibu na mlango, alikisikia. "Niko hapa," mzee alikuwa anasema. "Apolonia, niko hapa."

"Leo mtani kasahau," mtu akasema kwa nyuma. Vicheko vidogo vikapita. Mwingine akasema, "Kabla hajanywa uji," na vikaongezeka kidogo. Mzee hakusikia. Macho yake yalikuwa yanatafuta juu ya vichwa vya watu.

Leokadia akatoka mbele. Hakuwa amepanga, ni miguu tu iliyomtoa.

"Mtani, usisubiri," akasema. "Hakuna atakayekuambia kitu. Ni mimi. Kulikuwa na kipini ndani ya kilemba, nilikishona mwenyewe. Siku ile kilikunong'oneza wewe. Ule uji ni wa watu wa uji. Na mama yangu miaka mitatu alikuwa anasemeshwa, na dole niliweka mimi."

Yule mzee aliyemjibu mtani chini ya turubai siku ya mazishi akapiga paja lake.

"Leo Mhehe kajibu," akasema.

Kicheko kikalipuka. Walicheka wakashikana, walicheka wakainama. Maana siku ya kuanua tanga, mfiwa akisimama mbele ya mtani, kila asemalo ni utani, ndivyo walivyolelewa wote.

"Sitanii," Leokadia akasema, na wakacheka zaidi. "Jamani, nisikilizeni, sitanii. Acheni kunywesha watoto kitu kwa sababu mlicheka." Rozina alikuwa anajifuta machozi kwa khanga. Imelda alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, amejishika tumbo, na yeye hakuwa anacheka. Kijiweni tayari walikuwa wameshayapata. Mtu mmoja alisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo cha simu yake kwamba Morogoro wanauliza huyu mama mpya analipwa na nani.

Mkono ukamshika Leokadia kiwiko. Alikuwa mzee Gama. Akamtoa taratibu, wakapita ukumbini mpaka uani, kwenye kuni. Huko mzee akafungua kilemba. Akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, akapapasa pale penye matundu madogo ya sindano.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

"Hakuwa yeye, mtani."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa pampu ilipovujia. Leokadia alisubiri atukanwe. Angeshukuru kutukanwa. Lakini mtani haruhusiwi kukasirika, na yule mzee alikuwa mtani wa kweli. Alikikunja kilemba mara mbili, mara nne, akamkabidhi kwa mikono yote miwili.

"Nitakuomba kitu kimoja," akasema.

"Niambie."

"Mke wangu atakuja baadaye kuosha vyombo na wenzake. Usimwambie. Mimi nitavumilia, lakini yeye bado anamshukuru mama yako kila jioni kwenye rozari. Mwache."

Leokadia akaitikia kwa kichwa. Mzee akajifuta uso na upindo wa kitenge cha marehemu, akanyoosha mgongo, akaanza kuburuta mguu wa kushoto. Akarudi mbele, ambako walikuwa wanamwita.